Vusha safu, usivushe jedwali: R, C++ na kilo za kahawa

Swali ambalo huulizwa sana na vijana wanaoanza kuunganisha lugha mbili za programu, R na C++, ni hili: kwa nini fankisheni ileile, bila kuguswa hata herufi moja, inabadilisha safu ya jedwali katika faili moja na kuiacha kama ilivyokuwa katika faili nyingine, tena bila kutoa onyo lolote? Nitalijibu kwa data ya kahawa, kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila msimu hapa Mbale, na kwa kuwa tatizo hili huonekana waziwazi pale ambapo kilo zimepimwa kwa mizani za aina tofauti.

Vituo vya kununulia kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon hupokea arabika iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kuanikwa, lakini isiyokauka kwa kiwango kimoja. Mkulima mmoja huleta gunia lenye unyevu wa asilimia 18, jirani yake huleta lenye asilimia 13, na ili malipo yawe ya haki uzito hugeuzwa uwe ule ambao kahawa ingekuwa nao kama ingekauka hadi asilimia 12, ambayo ndiyo rejea tunayoitumia. Kilo huzidishwa kwa mia moja kutoa unyevu, kisha hugawanywa kwa 88. Hesabu hii peke yake haihitaji C++, kwa maana R huimaliza kwa mstari mmoja. Kinachotulazimisha kuvuka kutoka R kwenda C++ ni kazi kama ile ya kukata mkopo wa mbolea kidogo kidogo kutoka katika kila mzigo hadi deni liishe, ambapo kila mstari hutegemea ule uliotangulia, na kitanzi (hesabu inayorudiwa mstari kwa mstari) kilichoandikwa kwa R huchechemea data inapokuwa nyingi. Kwa kuonyesha tatizo, hata hivyo, hesabu ya unyevu inatosha:

```
// [[Rcpp::export]]
void rekebisha(DataFrame jedwali) {
  NumericVector kilo = jedwali["kilo"];
  NumericVector unyevu = jedwali["unyevu"];
  for (int i = 0; i < kilo.size(); i++)
    kilo[i] = kilo[i] * (100 - unyevu[i]) / 88;
}
```

Fankisheni hii hairudishi chochote. Ukiwa upande wa R ukaunda jedwali lenye kilo 60, 72.5 na 55, na unyevu wa 14, 18 na 12, kisha ukaiita, safu ya kilo itasomeka 58.64, 67.56 na 55. Jedwali limebadilika palepale lilipo. Sasa andika kilo hizo kwa namba kamili, yaani 60L, 72L na 55L, uiite tena: kilo zinabaki 60, 72 na 55, kana kwamba hukuiita.

Jedwali la R, lile linaloitwa data.frame, kwa ndani ni orodha ya vekta, yaani mifululizo ya thamani za aina moja, zenye urefu ulio sawa, pamoja na sifa tatu zinazolifanya lionekane kuwa jedwali: majina ya safu, majina ya mistari na klasi. Rcpp, kifurushi kinachounganisha R na C++ na ambacho Dirk Eddelbuettel na Romain François wamekijenga kwa miaka mingi pamoja na wenzao, hakiibebi data hiyo na kuipeleka C++. Kinabeba kielekezi tu kinachoonyesha data ilipo katika kumbukumbu ya kompyuta. Ni kama stakabadhi ya ghala: anayekabidhiwa karatasi hajahamishiwa magunia, lakini kwa karatasi hiyo anaweza kuingia ghalani na kuyapunguza. Ndiyo maana kazi hii ni ya haraka, na ndiyo maana pia ina hatari.

Sasa NumericVector inadai namba za desimali, ambazo kila moja huchukua baiti 8. Ikiikuta safu ni ya desimali, huielekea moja kwa moja, na kila unachoandika humo kinaandikwa katika safu halisi ya R. Ikiikuta safu ni ya namba kamili, ambazo huchukua baiti 4 kila moja, haiwezi kuielekea. Hutengeneza vekta mpya ya desimali, hunakili namba zote humo, na kuanzia hapo wewe unafanya kazi juu ya nakala. Kitanzi kinazunguka vizuri, hesabu zinatoka sahihi, na fankisheni inapomalizika nakala ile hutupwa. Kinachoamua kama badiliko litadumu, basi, ni aina ya namba zilizokuwamo ndani ya safu kabla hujafika, jambo ambalo mwandishi wa fankisheni mara nyingi hakulishika mkononi wala hakuliandika popote.

Nani basi aliyeamua aina hiyo? Mara nyingi ni mizani. Kituo chenye mizani ya umeme huandika 72.5, na kituo chenye mizani ya kuning'iniza yenye mshale karani wake husoma kilo nzima tu. read.csv huitazama safu yote kabla ya kuipa aina: ikiona nukta moja ya desimali mahali popote, safu nzima huwa ya desimali, na isipoiona, huwa ya namba kamili. Mwenzangu mmoja wa upande wa Kapchorwa aliniambia, "Kaka, faili ya Sironko inakubali, ya kwetu inakataa," akiwa amekwisha kuipekua faili yake akitafuta nafasi na herufi zilizojificha. Faili haikuwa na kasoro yoyote. Kila kilo ndani yake ilikuwa nzima, basi. Mambo huzidi kuchanganya pale ambapo mwingine anaisoma faili hiyohiyo kwa read_csv ya kifurushi cha readr, ambayo kwa kawaida huzipa namba zote aina ya desimali, na kwake fankisheni inafanya kazi bila tatizo. Watu wawili, faili moja, msimbo mmoja, majibu mawili.

Wengi wakishaelewa hapo hukimbilia kuhakikisha kwamba safu zote ni za desimali kabla ya kuvuka, na huona kwamba wamemaliza. Kwa maoni yangu wamechagua upande mbaya kati ya pande mbili, kwa sababu hali ambayo badiliko linadumu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. R ina ahadi moja ambayo watumiaji wake huitegemea bila hata kuifikiria: ukiwa na jedwali linaloitwa m, ukaandika asili <- m kisha ukabadilisha m, asili haiguswi. Ahadi hiyo inatekelezwa kwa kuchelewesha kunakili. Majina yote mawili huelekea kumbukumbu moja hadi pale mojawapo linapobadilishwa kwa njia za R zenyewe, na hapo ndipo nakala hutengenezwa. C++ haipiti kwenye njia hizo. Inapoandika juu ya safu ya kilo, inaandika juu ya kumbukumbu ambayo m na asili wanaichangia, na wote wawili hubadilika kwa pamoja.

Ubaya wenyewe ni mpana kuliko hapo. Tangu R 3.1.0 ya mwaka 2014, kuongeza safu moja kwenye jedwali hakunakili tena safu nyingine. Ukiandika m2 <- m, kisha m2$bei <- 9000, m2 inapata orodha yake mpya, lakini safu yake ya kilo bado ni ileile ya m. Yeyote anayeutazama msimbo huo ataamini kwamba sasa ana majedwali mawili yasiyohusiana, kwa kuwa moja lina bei na jingine halina. Iite rekebisha kwa m2, na kilo za m zitapungua pia. Iite mara ya pili kwa m, na mkulima atakuwa amekatwa unyevu mara mbili kwa kahawa aliyoileta mara moja, bila stakabadhi wala ripoti yoyote kuonyesha ni wapi kilo zilipotelea.

Rcpp inatoa clone, amri ya kunakili, kwa ajili ya hili. Ukiandika DataFrame nakala = clone(jedwali), unapata jedwali ambalo halichangii chochote na la mwanzo, na unaweza kulibadilisha utakavyo mradi ukumbuke kulirudisha. Ni njia salama, lakini ni ya gharama: kwa ajili ya kugusa safu moja ya kilo umenakili majina ya wakulima, vijiji, tarehe, namba za simu na kila kitu kingine. Tena haikuondolei lile tatizo la aina, kwa kuwa ukiichukua safu ya namba kamili kutoka ndani ya nakala na kuiweka katika NumericVector, bado utakuwa umeshika nakala ya nakala, na itabidi uirudishe ndani ya jedwali kwa kuandika nakala["kilo"] = kilo.

Ninachopendekeza ni kitu rahisi zaidi, nacho ni kutolivusha jedwali kabisa. Vusha safu unazozihitaji, tengeneza safu mpya upande wa C++, irudishe, na uiache R iipachike:

```
// [[Rcpp::export]]
NumericVector kilo_kavu(NumericVector kilo, NumericVector unyevu) {
  int n = kilo.size();
  if (unyevu.size() != n) stop("Safu hazilingani urefu");
  NumericVector jibu(n);
  for (int i = 0; i < n; i++)
    jibu[i] = kilo[i] * (100 - unyevu[i]) / 88;
  return jibu;
}
```

Upande wa R unaandika m$kavu <- kilo_kavu(m$kilo, m$unyevu), na hapo hakuna tofauti yoyote kati ya kilo za desimali na kilo za namba kamili, kwa sababu safu za kuingia zinasomwa tu. Kama zilinakiliwa au hazikunakiliwa ni suala la kasi, halihusu usahihi. Jina la safu mpya nalo linabaki kuwa uamuzi wa upande wa R, mahali ambapo mtu anayeisoma ripoti anaweza kuliona. Fankisheni ya C++ haina haja ya kujua kwamba kituo kimoja huandika "kilo" na kingine huandika "uzito". Ukaguzi wa urefu usiuache, kwa maana sasa hakuna jedwali linalokuhakikishia kwamba safu mbili zina mistari sawa, na alama za mabano ya mraba katika C++ hazikuzuii kusoma nje ya mwisho wa vekta.

Wapo watakaosema kwamba kuongeza safu kutoka ndani ya C++ kunawezekana, na ni kweli: jedwali["kavu"] = jibu hukubaliwa. Lakini vekta na orodha za R hazina nafasi ya kukua, kwa hiyo Rcpp hulazimika kutengeneza orodha nyingine yenye nafasi moja zaidi na kuhamishia vielekezi humo. Kigeu chako cha C++ sasa kinaelekea orodha mpya, huku m ya upande wa R ikielekea ya zamani na isijue lolote. Usiporudisha jedwali hilo, safu imepotea. Kuunda jedwali jipya kwa DataFrame::create ni safi zaidi, ila katika matoleo ya zamani ya Rcpp ilikoma kwenye safu 20, na jedwali la msimu mzima hufika hapo upesi.

Watumiaji wa data.table wana haki ya kunipinga katika hili, kwa kuwa kifurushi hicho, ambacho Matt Dowle alikianzisha mwaka 2006, kimejengwa makusudi juu ya kubadilisha jedwali palepale lilipo. Alama ya := huongeza safu bila kunakili jedwali kwa sababu data.table hutenga mapema nafasi za ziada za vielekezi vya safu, ambazo kwa kawaida ni 1,024, na huhifadhi ndani ya jedwali kielekezi kinachojielekea chenyewe ili kutambua kama jedwali limenakiliwa na mtu mwingine. C++ ikikurudishia jedwali lililoundwa upya, nafasi zile za ziada hazipo na kielekezi kile si halali tena, hata kama klasi inasema bado ni data.table. Mara utakapotumia := utaonywa kwamba nakala imechukuliwa ili kurekebisha hali hiyo, na tiba ni kuliita setDT juu ya jedwali hilo kabla ya kuendelea. Jedwali lililosomwa kutoka faili ya RDS, ambamo R huhifadhi vitu vyake, nalo hupoteza nafasi zile za ziada. Hata hapa, kuvusha safu pekee kunaondoa adha yote: m[, kavu := kilo_kavu(kilo, unyevu)] inaipa C++ kazi ya hesabu, na inaiachia data.table kazi ya kubadilisha jedwali, ambayo inaijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuvusha safu hakuondoi matatizo yanayokaa ndani ya safu zenyewe, na baya kuliko yote ni lile la thamani zinazokosekana. Katika safu ya desimali NA ni namna maalumu ya "si namba", nayo hesabu za C++ huipitisha bila kuiharibu: kilo isiyojulikana ikizidishwa hubaki isiyojulikana. Katika safu ya namba kamili hali ni nyingine kabisa. R imeitengea NA namba ndogo kuliko zote zinazoweza kuandikwa kwa baiti 4, yaani -2147483648, na C++ haijui kwamba namba hiyo ina maana yoyote. Ukiongeza shilingi 500 kwenye kila bei iliyo katika IntegerVector, vekta ya namba kamili ya Rcpp, bila kukagua kwanza, bei iliyokuwa haijaandikwa inageuka kuwa shilingi -2147483148, na R haitaitambua tena kuwa NA. Wastani wa kituo kizima unazama chini ya sifuri. Kila kipengele cha safu ya namba kamili kinapaswa kupitishwa kwenye IntegerVector::is_na kabla ya kuguswa, na safu za kweli na uongo vilevile, kwa kuwa nazo zimehifadhiwa kwa baiti 4 na NA yake ikiingizwa katika bool ya C++ inakuwa kweli.

Upande wa juu wa mpaka huo una shida yake, na kwa shilingi ya Uganda haiko mbali. Namba kamili kubwa kuliko zote ni 2,147,483,647. Kilo 300,000 kwa shilingi 8,000 ni shilingi 2,400,000,000, kiasi ambacho chama cha ushirika cha wastani kinaweza kukifikia bila mtu kushangaa. R ikifikia hapo kwa namba kamili hutoa NA pamoja na onyo. C++ haina wajibu wowote wa kuonya. Kanuni zake zinasema kwamba kufurika kwa namba kamili zenye alama hakuna matokeo yaliyofafanuliwa, na mara nyingi unachokipata ni jumla hasi. Fedha zivuke kwa desimali, ambazo hubeba kila namba nzima kwa usahihi hadi mbili kwa kipeo cha 53, na hakuna msimu wa kahawa utakaofika huko.

Kuhusu tarehe nitasema machache. Safu ya muda katika R ni sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za UTC, yaani saa za rejea za dunia, na kinachozifanya zisomeke kuwa tarehe ya Kampala ni sifa zilizobandikwa juu ya vekta, ambazo hazimo katika namba zenyewe. Vekta mpya unayoitengeneza upande wa C++ haina sifa hizo, hivyo utarudishiwa namba ndefu zisizoeleweka mpaka uzinakili. Lori lililopimwa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, kwa UTC bado liko saa tano usiku ya tarehe 31 Oktoba, na sifa ya saa za eneo ikipotea njiani, mzigo huo utahesabiwa katika mwezi ambao vitabu vyake vimekwisha kufungwa.

Wanaovuka kuelekea Python badala ya C++ wanakutana na mazingira tofauti kidogo. Kifurushi cha reticulate kinaligeuza data.frame kuwa jedwali la pandas, kifurushi cha majedwali cha Python, na mabadiliko unayoyafanya huko hayarudi R mpaka ulirudishe jedwali lenyewe, jambo ambalo ni salama ingawa huwashangaza waliozoea Rcpp. Angalia safu za fakta, yaani zile za makundi yenye majina kama madaraja ya kahawa: R huhesabu ngazi zake kuanzia 1, pandas huanzia 0 na huandika -1 kwa thamani inayokosekana, kwa hiyo anayevusha namba tupu bila majina ya ngazi anahamisha kila gunia daraja moja. Mradi wa Apache Arrow, unaoweka muundo mmoja wa majedwali katika kumbukumbu kwa lugha nyingi na ulioanza mwaka 2016, ulilikata tatizo la umiliki kwenye shina kwa kuamua kwamba safu zake hazibadiliki kabisa: lugha mbili zinaweza kusoma kumbukumbu moja bila kunakili, na anayetaka kubadilisha safu hupewa jedwali jipya linalochangia zile safu nyingine zote. pandas nayo imekuwa ikielekea upande huo. Mfumo wa kunakili pale tu mtu anapoandika uliingia kama hiari, na toleo la 3.0 limeufanya kuwa kawaida.

Majaribio nayo yana mtego wake. Wengi huandika kabla <- m, huita fankisheni, kisha huuliza identical(kabla, m) ili kuhakikisha kwamba jedwali halikuguswa. Jaribio hilo litajibu TRUE hata kama kila kilo imebadilika, kwa kuwa kabla na m wanaelekea kumbukumbu moja na wamebadilika pamoja. Kinachotakiwa ni nakala ya kina, inayopatikana kwa data.table::copy(m), au kwa unserialize(serialize(m, NULL)) kama hutaki kifurushi cha ziada, na jaribio liendeshwe kwa kilo za desimali, kwa kilo za namba kamili, na kwa safu yenye angalau NA moja. Usitegemee tracemem kukufichulia jambo hili, kwa sababu kazi yake ni kutangaza nakala inapotengenezwa, na safu iliyobadilishwa kutoka C++ imebadilika bila nakala yoyote kutengenezwa.